Munganga wa Mikebe Mitano

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nimeona bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda juu ya mti uleule. Nimeona mlima ukitapika moto na watu wakirudi kulima kandokando yake kabla majivu hayajapoa. Nimelala na faranga mfukoni, nikaamka naambiwa sasa pesa inaitwa zaire na makuta. Shule nilikaa miaka miwili tu. Mwalimu alinifukuza kwa sababu nilikuwa nawauzia wenzangu mahindi ya kuchoma wakati wa somo, na leo watoto wa mwalimu yule wananipungia mkono nikipita. Nilianza na kikapu kimoja cha maharagi kichwani, kutoka Kirolirwe kwa miguu. Nikapata baisikeli. Nikapata kamio, lori langu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema kuna mtu mmoja aliyenitia woga kuliko madaraja yote mabovu ya barabara ya Walikale, muniamini.

Tulimwita munganga kwa sababu alisomea uuguzi, lakini kwa muda wote niliomjua sikumwona na sindano hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Alitumwa kutoka Goma, apite Masisi na Walikale nyumba kwa nyumba, ajue kwa nini watoto wanakufa upande huu na upande ule wanakua. Hakuingia kila nyumba. Alihesabu, na kila ya saba njo aliingia, hata kama ni ya mlevi, hata kama ya nane ni ya chifu na amechinja mbuzi kumngojea.

Gari hakuwa nayo. Alikuja kwangu na barua yenye mihuri mitatu, nikampa kiti cha mbele. Nilipenda watu waone kwamba serikali ikitaka kusafiri inapanda kwangu.

Hapa lazima niseme jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Wakati ule nilikuwa na nyumba mbili. Ya Kirolirwe, ya mabati, na mke wangu wa kanisani na watoto watano, ambayo kila mtu aliijua. Na nyingine karibu na Omate, huko Walikale, kwenye kijiji cha wachimbaji, ambayo nilidhani haijulikani na mtu. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nakaa benchi la mbele, natoa neno kwenye harusi za watu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anambeba ndani ya kamio yake mwanaume ambaye kazi yake ni kuingia nyumba za watu na kuuliza, "Nani analala hapa?"

Alikuwa mwembamba, mwenye koti la mvua lililobadilika rangi mgongoni. Mbwa aliwaogopa. Mtu mzima na elimu yake, akisikia mbwa anabweka anasimama nyuma yangu na kaye zake za kuandikia kifuani kama msichana na vitabu vya sala. Ndani ya nyumba aliyokuwa anauliza hakula kitu, hata ndizi moja. Alisema ukila kwa mtu, kalamu yako itamshukuru. Lakini tukirudi ndani ya kamio alikula muwa wangu wote na kutupa maganda chini ya miguu yangu, na sukari yangu ya chai niliifungia ndani ya sanduku la spana.

Kulikuwa na maswali mepesi na maswali mazito. Mepesi yalikuwa ya paa, kitanda, bulangeti, taa, chumvi, maji yako wapi. Mazito: umezaa wangapi, wangapi wako, wangapi hawako. Kwetu milimani mtu hahesabu watoto kwa sauti, na waliokufa wakiwa wadogo hawatajwi kabisa. Mama mmoja karibu na Masisi alimfukuza na mwiko.

"Unauliza kama alikufa. Ukijua, utamurudisha?"

"Hapana, Mama."

"Basi ondoka kwa mulango wangu, kaka."

Hakuondoka. Alikaa chini kwenye ua, akavuta ungo wa maharagi ya yule mama, akaanza kubambua. Mama akatazama. Mwishoni akakaa naye, kwa sababu alikuwa anabambua vibaya. Walipofika nusu ya ungo, mama alianza kusema mwenyewe, na alisema yote, hadi rangi ya kitambaa walichomzikia mtoto. Munganga hakushika kalamu mpaka alipomaliza. Baadaye aliniambia, "Mutu anaelezaka kifo mikono yake ikiwa na kazi. Ukimukalisha bure mbele ya karatasi, atakuambia watoto wote wako shambani."

Wenye mali walimdanganya kwa namna nyingine. Mfugaji mmoja wa kwetu alisikia watu wa kuandika wanakuja, akafikiri ni kodi, akapandisha ng'ombe msituni. Munganga alipofika alikuta baba amevaa shati iliyopasuka, anajiita masikini wa Mungu. Munganga alimshika mtoto shavu.

"Papa, ng'ombe umezificha vizuri. Lakini zimebakia hapa usoni mwa mutoto."

Mfugaji alicheka mpaka akakaa, halafu akamtajia kila ng'ombe na jina lake.

Mimi nilimdanganya kwa kuongeza. Nyumba yangu ya Kirolirwe ilipoangukiwa na hesabu yake, niliona ni heshima. Nikakaa kwenye kiti cha mkono, nikamwambia vitanda ni sita.

"Naviona tano."

"Cha sita kiko kwa fundi."

"Nitaandika tano. Fundi iko na karatasi yake."

Mke wangu akacheka ndani ya jiko. Nikasema redio mbili, akataka kusikia zote mbili zikiimba. Tukaandika moja. Watoto waliozaliwa watano, walio hai watano. Ndipo akauliza bila kunyanyua macho, "Na vyungu vyenu, Papa, ni kimoja?"

"Kimoja kwa nini?"

"Watu wa nyumba moja ni wale wanakula chungu kimoja. Iko chungu kingine pahali?"

"Hapana," nikasema. Na jasho likanishuka, asubuhi, katika baridi ya Kirolirwe.

Kazi yenyewe aliifanyia kwenye baraza la misheni alikopewa chumba. Alikuwa na mikebe mitano ya majarini, mitupu. Karatasi alizipanga kwanza kwa mali: paa, kitanda, bulangeti, chumvi, akapata mafungu matano kutoka wenye nacho hadi wasio nacho, na kila fungu na mkebe wake. Kisha kwa kila mtoto aliye hai alitia haragi jeupe, na kwa kila aliyekufa haragi jeusi. Siku aliyonionyesha, mkebe wa kwanza ulikuwa mweupe karibu wote. Nikauinua nikautikisa.

"Munganga, unaona? Sisi tunajua kulea."

Akainamisha mkebe wa tano ili nione ndani. Mimi nimeuza maharagi maisha yangu yote. Nikitazama gunia najua kama yamechanganywa. Sikutaka kuutazama ule mkebe.

"Wale nao wanajua kulea," akasema. "Mama wa hapa na mama wa kule wanaamka saa ileile, wanaimba wimbo mumoja. Tofauti iko kwa chumvi, kwa bulangeti, kwa barabara. Mimi napima hiyo."

"Si mungeandika tu kwa ujumla, wilaya hii watoto wanakufa kiasi hiki? Kazi ingeisha."

"Kamio yako ikipita, mumoja amekaa ndani na mumoja amerushiwa matope. Nikiandika 'hapa iko gari', yule wa matope nimemufanya nini?"

Hivyo ndivyo alivyosema na watu wote, wazungu na chifu. Aliye juu hakumpenda, na aliye chini alimwogopa. Na kila mara aliposema tunashuka Walikale, mimi niliuliza kijiji gani, kwa sauti ya mtu asiyejali. Akitaja Lunga, nilisema barabara ya kule imeharibika. Mara nyingine nilisema daraja limevunjika. Alinitazama, akasubiri, na baada ya siku mbili daraja likapona. Mpaka akataja kijiji cha Omate.

Nilijipanga. Wiki ile nilipita peke yangu na mzigo, nikahesabu mapaa kutoka kijito kupanda juu. Nyumba ya mama wa Omate, mwanamke wangu wa pili, ilikuwa ya sita. Ya sita si ya saba. Nikahesabu mara tatu, kidole ndani ya mfuko. Kwa hiyo tulipofika na munganga, kamio imejaa magunia thelathini ya maharagi ya wachimbaji, nikamwambia, "Tuanzie kijitoni, huko matope ni kidogo."

"Sawa," akasema.

Akahesabu ya kwanza, ya pili. Paa la tatu ni la mchimbaji mmoja mzee mwenye wake wawili. Akainama mlangoni, akatazama ndani, akanyoosha vidole viwili.

"Hapa iko mbili."

"Munganga, paa moja. Mulango mumoja."

"Majiko mawili, Papa. Vyungu viwili. Ni ya tatu na ya ine."

Sikujua kama ninaweza kuomba namna ile. Nikawageukia wale wanawake. "Mama, si munakulaka pamoja?"

"Na huyu?" akasema mkubwa. "Hata chumvi yake siigusi."

"Na mimi maji yake," akasema mdogo, na wote wawili wakacheka, kwa mara ya kwanza pengine tangu waolewe. Munganga akaandika. Mimi nikaanza kuhesabu upya na kila hatua niliona inapofikia. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Mama wa Omate alikuwa ameketi mlangoni anamenya muhogo. Aliponiona nyuma ya koti la mvua, uso wake ulianza kufunguka, kisha akaona kaye, akaona macho yangu, akaufunga. Nilitazama gurudumu la kamio kule chini kana kwamba linatoa upepo.

Munganga akakaa, akachukua muhogo, akaanza kumenya naye.

"Mukubwa wa nyumba ni nani, Mama?"

Alinitazama kidogo tu. "Niko mimi."

"Bwana?"

"Anapitaka."

"Kazi yake?"

"Anauzaka maharagi."

Kisu cha munganga kilisimama ndani ya muhogo. Halafu kikaendelea. Hakugeuza kichwa, na nilitamani ageuze.

Akauliza paa: majani. Bulangeti: moja, imetoboka. Watoto: amezaa wanne. Wangapi hawako? Wawili, wavulana. Nilijua. Kila mmoja niliambiwa wakati amekwisha zikwa, na kila mara nilileta kitenge kizuri, nikakaa siku moja, nikaondoka kwa sababu ya mzigo. Kitenge cha pili ndicho alichokuwa amevaa.

Mkubwa, msichana, alikuwa mtoni. Mdogo alikuwa ndani, Faida, jina nililompa mimi kwa kuwa alizaliwa mwezi ambao biashara ilienda vizuri. Munganga akamleta mwangani. Nywele zilikuwa zimepauka nyekundu, nyepesi kama nyuzi za hindi. Miguu imevimba, na alipoibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Mimi nilikuwa nimeiona ile miguu. Nilisema amenenepa.

Munganga alikuwa na uzi wa kupimia mkono wa mtoto. Akauzungusha, akafunga fundo, akautoa.

"Jana alikula nini, Mama?"

"Bugali na sombe, majani ya muhogo tu."

"Maharagi?"

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Maharagi iko bei, Munganga. Ile ni ya wachimbaji."

Magunia thelathini yalikuwa hatua hamsini kutoka pale. Faida alininyooshea mkono akasema "Papa", lakini kwetu watoto humwita Papa kila mwanaume, kwa hiyo haikunifunua. Nilishukuru Mungu kwa hilo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilishukuru.

Tulipakua mzigo, tukalala kwa kapita, msimamizi wa wachimbaji, asubuhi tukaondoka. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno kumi na hakuna lililotoka. Kanisa, mke wangu, benchi la mbele, vyote vilikuwa vimekaa pamoja nasi mbele. Mwisho nikauliza, "Utaandika nini?"

"Nimekwisha andika."

"Na jina?"

"Bwana asiyelala nyumbani hana jina kwa karatasi. Iko namba ya nyumba tu."

Nilipumua. Nadhani alisikia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule uzi wenye fundo, akautundika kwenye mti wa gia. Kitanzi kilipita juu ya kichwa cha gia kwa shida. Huo ndio ulikuwa mkono wa Faida.

"Iko na siku ngapi?" nikauliza.

"Si mingi. Hospitali ya upande wa Masisi wangemusaidia. Wanampa maziwa na maharagi ya kusaga, kidogo kidogo."

"Basi wewe njo munganga. Si ungebaki naye?"

"Niko na nyumba ishirini na mbili bado."

Hapo nilikasirika. "Wewe ni munganga ao ni karani? Unapima mutoto anakufa, unafunga fundo, unaenda?"

"Ndiyo," akasema. "Nikisimama kwa mumoja, hakuna atajua wengine. Kila usiku naliona hilo." Na sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea. "Lakini yule iko na baba mwenye kamio."

Barabara pale inapanda, upande mmoja mlima, upande mmoja bonde. Kila nilipobadilisha gia, uzi ulinigusa kidole. Nilibadilisha mara nne. Mara ya tano nilisimama.

Huwezi kugeuza kamio pale. Nilirudi kinyumenyume, kutoka kona hadi kona, mvua imeanza, na munganga akatembea nyuma kwenye matope mpaka magotini, anapiga ubao wa kamio kwa kiganja: kulia, kulia, simama. Mbwa wa watu wa barabara wakamzunguka wakibweka. Hakukimbia. Tulipofika pahali papana nilimwona anatetemeka mwili mzima.

Tuliporudi kijijini, mama wa Omate nilimweka mbele na Faida mapajani, na binti mkubwa katikati yetu. Munganga akapanda nyuma na magunia matupu. Nilikuwa naogopa mtoto atafia mikononi mwetu kabla ya Masisi, na, nisifiche, nilikuwa naogopa pia atafika na watu watatuona. Zile hofu mbili zilikaa ndani yangu kama wale wake wawili chini ya paa moja, kila moja na chungu chake.

Alifika. Akalazwa. Wiki ya pili nilimwambia mke wangu wa Kirolirwe, nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alikuwa anachambua mchele.

"Papa, barabara yote inajua," akasema. "Tulikuwa tunangoja wewe ujue." Kisha akauliza, "Wale wavulana wawili, walikuwa na majina?"

Nikamwambia majina. Akaacha mchele. Hakusema nami mpaka Jumapili, na Jumapili hiyo kanisa liliniondoa kwenye baraza la wazee, nikaenda kukaa nyuma, na watu waliotoka kwenye mabenchi ya mbele hawakunitazama. Nilifikiri nitakufa kwa aibu. Sikufa.

Munganga aliondoka kumalizia nyumba zake na kamio ya mtu mwingine. Sikumwona tena mwaka mzima na zaidi. Nilisikia amepelekwa upande wa ziwa.

Nilimkuta kule Shasha, kando ya ziwa, nimeenda kuuliza bei ya samaki. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kaye magotini, koti lilelile. Alikuwa amezeeka zaidi ya miezi iliyokuwa imepita. Hakunisalimia kwa furaha kubwa. Alifungua kaye nyingine akatafuta ukurasa.

"Papa. Ile nyumba ya saba ya Omate. Nilirudi, nikakuta imebomoka. Namba yake iko wazi na mimi sipendi namba wazi. Walihamia wapi?"

"Nyuma ya soko, Masisi."

"Paa?"

"Mabati."

"Yote?"

"Upande wa jiko bado majani."

Akaandika. Nikamwona anangoja niongeze kitu. Sikuongeza.

"Maharagi?"

"Kila siku. Mama yao anauza sasa, yeye mwenyewe."

"Watoto?"

"Wawili."

Kalamu ilisimama. "Wote wawili?"

"Wote wawili. Faida anakimbia. Juzi ameangusha sufuria ya jirani, nimelipa sufuria."

Aliangalia maji. Kisha akafuta macho kwa upande wa ndani wa koti, haraka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu, akageuza ukurasa.

"Imebakia swali moja. Kumutibu, tangu siku alilazwa mpaka siku alitembea, ulitoa ngapi? Kitanda, dawa, maziwa, maharagi yake, chakula cha mama. Usiniongezee, Papa."

"Sikuongezei."

"Kwa siku ao jumla?" akauliza.

"Jumla."

Mimi ni mtu wa biashara, hesabu naifanya kichwani ninapolala na ninapoamka, na hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi kuliko nyingine yoyote, nikitafuta kosa. Nilikuwa naizidisha mara tatu, yeye na kaka zake wawili waliokufa. Hata hivyo haikufika bei ya gunia moja. Nikamwambia aandike ya Faida: zaire mbili na makuta thelathini na tano.